Kihispania cha Wiki Tano

Nch! Eti Kihispania cha wiki tano. Muhula mzima wa wiki 16 wameukunja, wameufunga kamba na kuusukumia kwenye wiki tano za mwezi wa sita na wa saba, lami ya Houston ikiwa inayeyuka kwa joto, na bado watu wanapanga foleni kujiandikisha. Kozi hii ni daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni: nafasi hamna, na konda bado anaita.

Hapa kijiweni, mbele ya kinyozi, msimu huu tunao watatu wanaoisoma kwenye vyuo vya jamii. Kuna dada yetu muuguzi msaidizi wa zamu ya usiku, kuna kaka dereva wa teksi za mtandaoni, na kuna yule dogo wa Uvira aliyekulia kambini Nyarugusu. Jioni wanatua na madaftari, macho mekundu kama wametoka msibani, na sisi wacheza drafti inabidi tusikilize vitenzi vya -ar, -er na -ir mpaka kete zinasahaulika.

Kwa asiyejua, ngoja nimpe hesabu. Chuo hakikupunguzii saa hata moja. Zilezile ambazo mwenzako wa muhula mrefu anazisambaza kutoka mwezi wa nane hadi Desemba, wewe unazimeza Jumatatu hadi Alhamisi, kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, halafu mchana kuna mazoezi ya mtandaoni na usiku kuna jaribio la kesho. Ukiugua siku moja, umekosa karibu wiki nzima ya wenzako. Mwanao akiugua, ndiyo basi tena.

Haraka yenyewe siipigii kelele, maana haikuanza leo. Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, jeshi la Marekani lilipeleka askari vyuo vikuu wakafundishwe lugha kwa mtindo huu: vikundi vidogo, mzawa wa lugha mbele yao, kurudia na kurudia mpaka ulimi ulegee. Kule Vermont nako, chuo cha Middlebury kina shule zake za lugha za kiangazi tangu 1915, na mwanafunzi anatia saini kwamba muda wote wa kozi hatasema lugha nyingine isipokuwa ile aliyoijia. Chakula unaomba kwa Kihispania, chumvi unaomba kwa Kihispania, na ugomvi ukizuka nao unaupigana kwa Kihispania. Hiyo ndiyo kozi ya kubana. Hawa wetu kengele ikilia wanatoka nje, wanasemezana Kiingereza hadi maegesho ya magari.

Lakini tuyaache hayo. Kinachonitoa povu mimi ni kitabu.

Dogo alikiweka hapa kwenye benchi, kizito, kina picha za soko la Oaxaca, na ndani yake kuna namba ya kufungulia mazoezi mtandaoni, inayotumika na mtu mmoja tu, kwa hiyo cha mkono wa pili hakikusaidii kitu. Nikafungua. Kila sura ina kisanduku cha rangi cha maonyo, na kila onyo linamsemesha Mmarekani: usishangae, nomino za lugha hii zina jinsia, usishangae, kivumishi kinabadilika kufuata nomino, usishangae, mtendaji unaweza kumwacha, kitenzi chenyewe kinamtaja. Mtu wa Uvira, wa Mombasa, wa Tabora, anayeshangaa hayo ni nani? Anayesema "vitabu vyangu viwili vizuri vimepotea" bila jasho kumtoka, unamtishia nini na "las casas blancas"? Sisi tuna ngeli chungu nzima, wao wana jinsia mbili. Mbili! Halafu siku mbili za kozi ya siku ishirini zinaishia hapo, Wamarekani wakishangaa, na dogo wa Uvira anachora mipira ya miguu pembeni mwa daftari.

Hata zile nomino korofi, "el problema" na "la mano", ambazo umbo lake linasema hili na upatanisho unasema lile, kwetu si habari. Kijana amefika, hajasema mtu kijana kimefika. Tumezoea nomino kuvaa nguo za ngeli nyingine tangu hatujaota meno.

Sasa njooni mwone penye utamu. Kuna kisanduku kinaitwa "a" ya watu. Kwa Kihispania, ukiona nyumba unasema "veo la casa", umemaliza. Lakini ukimwona mama yako ni lazima uchomeke "a" katikati: "veo a mi madre". Kitu hakipewi, mtu anapewa, na hata mbwa wa nyumbani, kwa kuwa anapendwa, naye anapewa. Dada muuguzi anasimulia kwamba darasa lilinuna saa nzima. Wanauliza kwa nini, hiyo "a" inamaanisha nini, inatafsiriwaje. Mwalimu, mama wa Kikolombia mwenye subira ya kufugia kobe, anachora mishale ubaoni. Dada yetu kakaa nyuma, amejiegemea, maana yeye tangu utotoni anasema "naona nyumba" lakini "namwona mama". Nani kwetu anathubutu kumtaja mtu kama anavyotaja sufuria? Ukisema "naona mama" watakuuliza umetoka wapi. Kanuni ni ileile, imevaa koti jingine, na kitabu cha kurasa mia kadhaa hakina nafasi ya kumwambia mwanafunzi wa Kiswahili: hili unalo, fungua ukurasa unaofuata.

Na "te quiero" je? Mmarekani analia kwa nini mtendwa anakitangulia kitenzi. Sisi tunasema "nakupenda", na mtendwa tumemtia tumboni mwa kitenzi kabisa! Irabu tano ni tano zetu. R ya kutetemesha inawatesa wao, na huku kwetu inawatesa wale tu wanaochanganya l na r tangu nyumbani, na hao wanajijua.

Basi mtu atadhani Waswahili tunapita kozi hii tukiimba. Thubutu! Dereva alipata alama za kutia huruma kwenye jaribio la pili. Na alikoanguka ndiko ambako kitabu kilipita mbio.

Kwanza, mkia. Sikio la Mswahili limezoea kumtafuta mtendaji mwanzoni: nasema, unasema, anasema. Ukisikia silabi ya kwanza umeshajua nani. Mhispania amempeleka mtendaji nyuma kabisa: hablo, hablas, habla, hablamos, hablan. Dereva anasikia kichwa cha kitenzi, anaridhika, akili yake inaondoka, na habari yenyewe inakuja mkiani wakati yeye hayupo. Alichohitaji kuambiwa siku ya kwanza ni hiki tu: kaka, sikiliza mwisho. Hakuambiwa, kwa sababu Mmarekani naye ana shida yake tofauti, na kitabu ni cha Mmarekani.

Pili, mkazo. Hapa ndipo nilipompa kaka pole za dhati. Karibu kila neno letu linakazwa silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno mengi ya Kihispania yanakazwa hapohapo, kwa hiyo wiki ya kwanza unasifiwa matamshi mpaka unavimba kichwa. Halafu unaingia wakati uliopita. "Hablo", mkazo mwanzoni, ni mimi nasema. "Habló", mkazo mwishoni, ni yeye alisema. Kialama kidogo juu ya o, na mtu amebadilika, wakati umebadilika. Kwenye mtihani wa mdomo kaka alitaka kusema bosi wake alizungumza na mteja. Akatamka kwa lafudhi safi kabisa ya Temeke: "Mi jefe hablo con el cliente." Mwalimu akamwinamia: nani anazungumza, bosi au wewe? Kaka akarudia, kwa sauti zaidi, vilevile. Mwalimu akauliza tena. Kaka akaongeza sauti. Wamekwenda hivyo mpaka muda ukaisha, na ile programu ya mazoezi nayo nyumbani ilikuwa inampiga mkasi kila asipoweka hiyo alama, haimwambii kwa nini, inaandika tu jibu si sahihi.

Tatu ni vile vijineno el, la, un, una. Sisi hatuna kitu cha namna hiyo. Mmarekani anavyo vyake, kwa hiyo kitabu kinamwambia: tumia kama unavyotumia, ila mara nyingi zaidi. Umemsaidia nani hapo? Dogo anaandika "carro está sucio", anakatwa, anatakiwa aseme "el carro". Anajifunza, kesho anaandika "soy el estudiante", anakatwa tena, maana kazi ya mtu haipewi. Amebaki anavirusha kama kete, kimoja kikigonga anashukuru Mungu.

"Ser" na "estar" sitazisemea sana. Tuna "ni" yetu na "yuko" yetu, zinatufikisha mbali kuliko wanavyofika wenzetu. Ila mtego upo: sherehe iko wapi? Mswahili yeyote atachukua "estar", kwa sababu ni mahali. Wapi! "La fiesta es en mi casa." Tukio linakwenda na "ser". Wote watatu walikosa swali hilo, na Wamarekani wote nao wakakosa, kwa hiyo hapo angalau kulikuwa na usawa.

Kuna taasisi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inayofundisha wanadiplomasia wao lugha, iko Arlington, Virginia. Wana orodha ya ugumu. Kihispania kimo kundi jepesi, kama wiki 30. Kiswahili kimewekwa na Kijerumani, Kiindonesia na Kimalei, kama wiki 36, saa 828. Sawa, orodha yao, wanadiplomasia wao. Lakini watu wanaisoma kana kwamba ugumu ni tabia ya lugha, kama uzito wa gunia. Ule ni umbali kutoka mlangoni kwa msema Kiingereza. Nani amepima kutoka mlangoni kwetu? Nch! Wiki tano ni chache kwa kila mtu, nakubali. Lakini za dogo hazijatimia hata hizo tano, maana siku mbili amekaa akingoja wenzake waelewe jinsia.

Mzee wa drafti akauliza swali la maana, si kawaida yake: kwani lazima asome? Vyuo vikuu vingi hapa vinamkubalia mtu mwenye lugha nyingine afanye mtihani wa lugha yake, akifaulu sharti la lugha ya kigeni limekwisha. Mtihani wa mazungumzo wa Kiswahili upo. Dogo hakuwa na habari. Mshauri wake wa masomo alimpa orodha yenye Kihispania na Kifaransa, akachagua. Tukashika vichwa. Lakini dada muuguzi akasema yeye angesoma hata wangemsamehe, kwa sababu nusu ya wazee anaowaogesha usiku, maumivu yakizidi, Kiingereza kinawatoka, wanabaki na Kihispania, na yeye hataki kumkisia mtu anaumwa wapi. Hapo hatukuwa na la kujibu.

Na kitu kinachowatisha wote kipo mbele: hali ya matakwa, jinamizi la kila Mmarekani aliyewahi kusoma lugha hii. "Quiero que hable." Nikawaambia, jamani, si ndiyo "nataka aseme"? Habla ikawa hable, sema ikawa aseme. A ya mwisho imegeuka e, kwao kama kwetu. Mtoto wa chekechea Kariakoo anaifanya akidai pipi. Dogo akaruka kwa furaha, akafungua kitabu mbele huko kuhakiki, akarudi kanuna: vitenzi vya -er na -ir vinakwenda kinyume, e inageuka a, anakula "come", ale "coma". Basi nusu tumepewa, nusu tukajitafutie.

Dogo ameshalipia Kihispania cha Pili, wiki tano nyingine, zinaanza Jumatatu. Dada muuguzi amesema yeye atangoja muhula mrefu wa mwezi wa nane, alale kwanza.