Jinsi ya Kutodanganywa na Mahindi Kumi

Mahindi hudanganya, tena bila kupepesa macho. Ukitaka yakudanganye upesi, ingia shambani saa saba jua likiwa la utosi, chuma kumi kwenye mstari wa karibu na njia, pima, rudi kivulini. Usipotaka, fuata haya.

Kwanza, yajue hayo kumi. Tuseme unatafuta kama urefu wa hindi unakwenda pamoja na uzito wa punje zake, ukapata uhusiano (correlation) wa 0.5. Kwa hesabu aliyotuachia mwanatakwimu Ronald Fisher, ukweli unaweza kuwa popote kati ya −0.19 na 0.86. Ni kama kuambiwa basi litaondoka kati ya alfajiri na usiku wa manane. Ukipata 0.5 hiyohiyo kwa mahindi 30, ukweli unabanwa kati ya 0.17 na 0.73, kwa 100, kati ya 0.34 na 0.63. Hapo unaweza kufunga safari.

Pili, amua unawinda nini kabla hujashika futi. Ukitaka nafasi 80 katika 100 ya kuugundua uhusiano wa 0.5, kwa kiwango kilichozoeleka cha asilimia 5 cha kuuona uhusiano usiokuwepo, mimea 30 inatosha. Uhusiano wa 0.3 unataka 85. Wa 0.1 unataka 783. Tembo unamwona ukiwa barabarani; sisimizi mpaka upige magoti.

Tatu, jua unahesabu nini. Mimea 100 ya mbegu moja kwenye kitalu kimoja ni mashina mengi, lakini mbegu ni ileile moja. Mzalishaji mbegu anayeuliza kama akichagua hindi refu uzito nao utarithiwa, ahesabu koo za mbegu, na kila ukoo aupande kwenye vitalu kadhaa. Kuongeza mashina ya ukoo mmoja hakumwongezei koo.

Nne, usipike mbegu za Kito na UCA chungu kimoja. Kito hukomaa mapema, UCA huchelewa. Ukizichanganya kwenye grafu moja utaona mafungu mawili ya nukta, na mstari mzuri unaoyaunganisha. Mstari huo unakueleza tofauti ya mbegu mbili tu. Ndani ya kila mbegu huenda hakuna uhusiano wowote.

Tano, piga kura. Mimea ya pembeni hupata mwanga zaidi, haifanani na ya katikati. Andika namba za mashimo kwenye vikaratasi, changanya, okota. Kikikutokea kile kihindi kilichopinda chenye punje chache, kipime vilevile. Ukichagua yaliyonona tu, unaibana tofauti iliyomo shambani, na uhusiano unafifia hata kama upo.

Sita, kubalianeni mnavyopima. Menya hindi moja mbele ya wenzako. Kwenye ncha pana kipande kitupu, kisicho na punje. Mmoja atapima mpaka mwisho wa gunzi, mwingine ataishia punje ya mwisho. Vidole viwili vya tofauti hapo, mara mia, na uhusiano wa kweli unapotelea kwenye makosa ya futi. Amueni, andikeni, kisha muanze.

Tatizo hili la vipimo vichache ni la siku nyingi. William Gosset, aliyefanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, alilazimika kuamua mambo ya shayiri kwa vipimo vichache. Hakujifanya kwamba vichache vinatosha. Aliandika vipimo vya wafungwa 3,000 kwenye kadi, akazichanganya, akazitoa nnenne, aone sampuli ndogo inapotoka kwa kiasi gani. Mwaka 1908 alichapisha matokeo kwa jina la Student, na mwaka huohuo akaandika makala nyingine kuhusu uhusiano kwenye sampuli ndogo.

Najua futi inachosha, majani ya mahindi yanakata mikono, na jioni inaingia bado hujafika nusu. Lakini mbegu huchaguliwa msimu baada ya msimu, na anayechagua kwa uhusiano ambao haupo atapoteza miaka kabla hajagundua. Mwisho wa yote kuna mkulima amenunua mfuko wa mbegu kwa fedha ya ada ya mtoto. Basi, kabla hujatoka nyumbani, fungua daftari, na ukurasa wa kwanza andika idadi ya mimea utakayopima, na sababu yake.