Sifa za Pasa, Mwizi wa Mapapai

Tumpe kwanza heshima zake zote: Mheshimiwa Pasa, kwa jina jingine Kuzumburu, ndege mwenye kishungi kichwani na mkia unaouzidi mwili kwa urefu, mkaguzi mkuu wa mapapai ya Ekalakala na vitongoji vyake. Ameitwa kila jina ila la shukrani. Watoto humvizia na kombeo. Akina mama humning'inizia makopo na kanda za kaseti mpapaini. Yeye huyakagua makopo kwa utulivu, kisha huingia kazini.

Na kazi anaijua. Hatui juu ya papai, hujining'iniza ubavuni, miguu ikiwa usawa wa mabega, vidole vyote vinne vikitazama mbele akitaka, maana vyake hugeuka. Hutoboa tundu moja, aghalabu upande usioonekana kutoka mlangoni, na wenzake hupokezana humo mpaka libaki ganda linalosimama kwa adabu tu. Mwenye shamba hugundua siku ya kuchuma.

Lakini mwizi huyu, tofauti na wengi tunaowachagua, hulipa. Hulipa kwa kinyesi. Nyama ya tunda hubaki tumboni, mbegu ndogo hupita salama, imeshamenywa na kutiwa mbolea, ikaangushwa mbali na mti ulioizaa. Kagua ua wowote hapa kijijini: chini ya nguzo na matawi wanapotua ndege pameota mwarobaini ambao hakuna aliyeupanda, na pembeni yake pilipili kichaa. Ukali wa pilipili unaotutoa machozi sisi na panya, ndege hausikii kabisa. Mmea umemfukuza mwenye meno ya kusaga mbegu, ukamkaribisha anayemeza nzima. Wewe unayejigamba kwamba hujawahi kununua pilipili, unadhani shambaboi wako ni nani?

Mlinganishe na njiwa, tunayemchora kwenye kadi za amani. Firigisi yake husaga mbegu nyingi anazomeza hadi zikawa unga. Kwelea naye hula mtama wako wote asikuachie hata mche mmoja. Hao ndio walaji. Pasa na binamu zake shore na zuwakulu ni wakulima wasio na jembe.

Sisemi hivyo kwa mzaha mtupu. Mti wa muumo, ambao chini yake wazee wa Ukambani walitoa sadaka na kuomba mvua, mara nyingi huanza maisha juu ya mti mwingine, kwenye panda ambapo ndege mla matunda alijisaidia. Mizizi hushuka, hukumbatia, na miaka mingi baadaye mwenyeji haonekani tena. Yaani ithembo letu, mahali pale pa sadaka, lilianzia chooni mwa ndege, na mvua ilinyesha vilevile.

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitupa likizo nchi nzima tupande miche milioni 100, katika lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032. Watu walivaa gambuti, wakapigwa picha, wakarudi nyumbani. Pasa hakupewa likizo. Alipanda siku ile, akapanda kesho yake, na hakuna aliyemwomba risiti ya mafuta.

Wapinzani watasema hupanda pia lantana, gugu linaloweza kuua ng'ombe. Kweli. Lakini lantana ililetwa na watu, wakaiita ua. Yeye aliikuta mezani. Watasema jamaa zake wadogo hupaka mbegu zenye ulimbo za kirukia kwenye miembe, ikanyonywa. Kweli tena, na hapo wakili wa pasa anaomba kesi iahirishwe. Kuhusu maembe yenyewe hana utetezi wowote: kokwa haimezeki, kwa hiyo anadonoa tu bila kupanda. Sifa zetu zitapita pembeni kimya kimya.

Basi, ndugu mwenye mpapai, acha kombeo. Papai likianza mstari wa manjano lichume, litaivia ndani. Lile la kileleni ambalo ngazi haifiki mwachie mheshimiwa. Ni mshahara wake, na haujapanda tangu aajiriwe.