Mwongozo wa Dalali Mpya, au Jinsi ya Kuuza Nyumba Yenye Watu Ndani

Hongera. Umenunua simu ya laini mbili, umeandika namba zako kwenye kibao cha mbao, umekipigilia kwenye nguzo ya umeme pale njia panda ya Tabata, na kuanzia leo wewe ni dalali wa nyumba na viwanja. Kazi haikudai mtaji, ofisi wala cheti, ndiyo maana kila mtu amekupongeza. Kuna mambo machache ambayo waliokutangulia wanayajua na hawatakwambia, kwa kuwa sasa unakula sahani moja nao. Soma hapa kabla simu haijaita.

Kanuni ya kwanza: usiseme "haipo"

Mteja wako wa kwanza anatafuta chumba master, sebule na jiko, ndani ya fensi, luku yake peke yake, maji yasiyokatika, mtaa usio na baa wala spika za mkesha, karibu na kituo cha mwendokasi. Anataka Sinza. Bajeti yake ni laki moja kwa mwezi, na angependa kulipa mwezi mmoja mmoja.

Usicheke. Mwambie "ipo", kisha mpeleke Goba. Mwambie ni dakika tano kutoka lami, bila kutaja kwamba dakika hizo alizipima bodaboda, alfajiri, wakati wa kiangazi. Ataona nyumba saba na kuzikataa zote, halafu atahamia ya nane, aliyooneshwa na shemeji yake.

Mteja wa pili ni mpole zaidi, kwa hiyo ni hatari zaidi. Ataipenda nyumba, atakushukuru, atasema ngoja akashauriane na mama watoto. Jioni atarudi kimya kimya kwa mwenye nyumba ili ile kodi ya mwezi mmoja uliyokuwa uichukue wewe ibaki mfukoni mwake. Wiki ijayo utapita pale na kumkuta anaanika mashuka. Atakuamkia kwa heshima zote.

Kwa sababu yake, madalali wakadai ada ya kuonesha nyumba kabla ya kuinua mguu. Kwa sababu ya ada hiyo, wateja wakatuita matapeli na kujiona wana haki ya kutuzunguka. Kila upande una ushahidi wa kutosha.

Kanuni ya pili: mwenye nyumba naye ni mteja

Asubuhi nyumba ni milioni themanini, maongezi yapo. Saa sita mnunuzi anashuka kwenye gari la kifahari, na mwenye nyumba anakumbuka kwamba alikusudia kusema mia na ishirini. Mfundishe mnunuzi wako aje kwa daladala.

Usisahau wenzako. Nyumba uliyopewa na dalali aliyepewa na dalali mwingine ina watu wanne kwenye dili, na kila mmoja ameweka cha juu. Bei ikifika kwa mnunuzi, mwenye nyumba mwenyewe akiisikia atatamani kuinunua.

Siku ya kuhamisha milki ndipo utawajua vizuri muuzaji na mnunuzi. Kuna ushuru wa stempu, asilimia moja. Kuna kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia kumi ya faida ya muuzaji. Muuzaji atasema faida ni yake ila kodi ni ya mnunuzi. Mnunuzi atapendekeza mkataba uandikwe bei ndogo, na wewe utaombwa uwe shahidi wa bei zote mbili. Jibu la kistaarabu hapo ni kwamba umeacha miwani nyumbani.

Hata kodi ndogo ina simu zake. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye luku: kwa nyumba ya kawaida ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu 2023 ni 1,500. Anayenunua umeme ni mpangaji, anayedaiwa ni mwenye nyumba, na atakayepigiwa simu saa tano usiku kuulizwa nani amekula 1,500 ni wewe.

Kanuni ya tatu: soma ukuta kabla ya hati

Mitaa mingi ya Dar es Salaam ina kuta zilizoandikwa kwa rangi: NYUMBA HII HAIUZWI. Mgeni huona ni tangazo la ajabu, kwani nani aliuliza? Mwenyeji huelewa kwamba yupo aliyeshajaribu kuiuza, na huenda alizaliwa humo humo ndani.

Hati ina jina moja, tena la marehemu. Warithi ni tisa, wawili hawasalimiani, mmoja yuko Muscat na hapokei simu. Ukikutana na anayesema "mimi ndiye msemaji wa familia", jua familia bado haijazungumza.

Uliza pia habari za ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mwenza kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Wauzaji wengi hupatwa na useja wa ghafla siku ya kusaini. Mke hurudi kwenye kumbukumbu baada ya fedha kulipwa, akiwa na wakili.

Kanuni ya nne: nyumba ya mnada ni rahisi mpaka uinunue

Sasa anakuja mteja uliyekuwa unamwomba kwa Mungu. Ana fedha kweli, na amesikia kwamba nyumba zinazouzwa kwa madeni, ya benki au ya kodi, huenda kwa bei ya kutupa. Anataka umtafutie moja.

Mweleze utaratibu taratibu. Benki humpa mdaiwa notisi ya siku 60. Mnada hutanguliwa na tangazo la siku 14. Nyundo ikigonga kwa amri ya mahakama, mshindi hulipa robo ya bei papo hapo na salio ndani ya siku 15. Mteja atasikia tarehe tu. Wewe sikia kwamba katika kila siku ya hizo mdaiwa hajalala: anatafuta mkopo wa kulipa mkopo, au zuio la mahakama, au mjomba mwenye cheo.

Hiyo robo ndiyo iliyotupa somo la taifa zima. Novemba 2017 nyumba tatu za Upanga na Mbweni zilipigwa mnada kwa sababu ya deni la kodi la TRA. Akatokea Dk. Louis Shika, akapanda dau bila jasho, "mia tisa itapendeza", mpaka zote tatu zikawa zake kwa jumla ya shilingi bilioni 3.2. Ilipofika saa ya kutoa asilimia 25, fedha hazikuwapo, na mshindi akaishia mikononi mwa polisi. Nchi ilicheka miezi kadhaa, naye akawa nyota. Msomaji dalali asicheke sana. Kila siku tunawatembeza wateja wa namna hiyo, ila dau lao ni dogo na hakuna kamera.

Tuseme mteja wako amelipa kila senti. Anafika na funguo mpya na kukuta mdaiwa anakunywa chai barazani. Chumba cha uani kina mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka mzima mwezi uliopita, na risiti anayo. Nyuma ya jiko kuna kaburi la babu, ambalo tangazo la mnada halikulitaja. Jirani anamwambia mnunuzi, kwa sauti ya kumtakia heri, kwamba hiyo ni nyumba ya machozi na hakuna atakayekaa humo akastarehe. Pango la ardhi la miaka kadhaa nalo halijalipwa.

Mnunuzi hatampigia aliyeendesha mnada. Yule ameshakunja meza. Atakupigia wewe.

Mnada huuza kuta na paa kwa bei ya kuta na paa. Waliomo ndani unawalipia baadaye: kwa mawakili, kwa miaka ya kesi, na wakati mwingine kwa bahasha ya nauli ili mtu ahame kwa amani. Ukijumlisha, bei ya kutupa huwa imeokotwa na kurudishwa pale pale sokoni.

Kanuni ya mwisho: kamisheni

Andikishiana kamisheni kabla ya kuonesha nyumba, kwa karatasi, mbele ya mashahidi. Hata hivyo utalipwa mwisho, pungufu, baada ya kukumbusha mara nyingi. Hiyo ni dalili kwamba biashara ilikuwa halali. Ukilipwa yote, siku hiyo hiyo, kwa tabasamu na nyongeza ya soda, rudi mbio ukaangalie upya: aliyekulipa yawezekana ameuza nyumba isiyo yake.