Nirudishie Shikamoo Yangu

Mazungumzo baina ya Sanduku la magurudumu lililonunuliwa Kariakoo na Jiwe la ukuta wa mji wa Rothenburg ob der Tauber, Ujerumani. Mahali ni chini ya ngazi za ukuta, karibu na lango la Rödertor. Mwenye sanduku amepanda juu kupiga picha.

SANDUKU: Hodi hodi, wenye mji! Huku ndiko Ulaya kwenyewe? Barabara mawe matupu. Tangu stesheni mpaka hapa gurudumu langu moja limeshakata roho.

JIWE: Karibu. Lakini punguza kelele. Huu ni mji wa Zama za Kati.

SANDUKU: Shikamoo, Babu.

JIWE: Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?

SANDUKU: Sijambo, Babu. Kumbe Kiswahili unakijua!

JIWE: Hakuna taifa ambalo halijaniegemea likipigwa picha. Lugha gani itanipita? Na huyo aliyekutupa hapa ni nani?

SANDUKU: Bosi wangu. Ni mwalimu wa historia, anafundisha sekondari Dar es Salaam. Semina yake ya Würzburg imekwisha na ndege ni kesho. Badala ya kupumzika, kapanda treni, kabadilisha pale Steinach, kanikokota mpaka hapa. Anasema hawezi kurudi nyumbani kabla ya kuuona mji wa Zama za Kati kwa macho yake. Sasa hivi anatuma picha kwenye kundi la WhatsApp la walimu wenzake. Kaandika: "Nipo kwenye mji wa miaka 700 ambao haujaguswa."

JIWE: Kaandika vyema. Mfalme Rudolf wa Habsburg aliupa mji huu uhuru mwaka 1274. Tangu hapo hatukuwa na bwana mwingine juu yetu ila mfalme wa dola yote. Tukajenga kuta, minara na malango. Jua likizama lango lilifungwa. Aliyechelewa alipenya kwenye kimlango cha lango la Burgtor, mmoja mmoja, ameinama, ili asije akaingia na jeshi mgongoni.

SANDUKU: Na wewe Babu ulikuwepo?

JIWE: Ukuta ulikuwepo.

SANDUKU: Ahaa.

JIWE: Na ile habari ya mvinyo mmeisikia? Oktoba 1631, katika Vita vya Miaka Thelathini, Jenerali Tilly wa jeshi la Kikatoliki aliuteka mji huu wa Waprotestanti. Akataka kuuteketeza na madiwani wake wauawe. Wakampelekea kombe la mvinyo la lita tatu na robo. Moyo ukalainika, akasema: akipatikana mtu wa kulimaliza kwa mkupuo mmoja, nimewasamehe. Nusch, aliyekuwa meya, akalinyanyua akalikausha. Mji ukapona. Nenda uwanjani ukaone ile saa ya ukutani yenye madirisha mawili. Ikigonga, upande mmoja anachungulia Tilly, upande wa pili Nusch ananyanyua kombe.

SANDUKU: Lita tatu na robo! Kwetu mtu akinywa kiasi hicho haokoi mji, anatafutiwa bodaboda ya kumrudisha kwake. Siku hiyo aliyeandika habari hizo ni nani?

JIWE: Siku hiyo hakuandika mtu. Aliyezitangaza ni Adam Hörber, fundi vioo wa hapahapa. Alitunga mchezo wa jukwaani, ukaonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1881.

SANDUKU: Vita 1631, mchezo 1881. Shahidi kafika mahakamani kachelewa miaka 250! Na wewe, Babu, ulimwona Nusch akinywa?

JIWE: Ukuta ulikuwepo.

SANDUKU: Naona ukuta huu unahudhuria kila kitu. Samahani, Babu, hiki kibao pembeni yako kina jina la mtu, halafu kimeandikwa mita moja. Amezikwa hapa?

JIWE: Kibao gani?

SANDUKU: Hiki. Na kile. Na kile pale. Majina ya Kijerumani, ya Kimarekani, ya Kijapani, na urefu wa kila mmoja. Babu, huu ni ukuta wa vita au ni orodha ya michango ya harusi?

JIWE: Ni wafadhili. Walinunua ukuta kwa mita.

SANDUKU: Ukuta wa miaka 700 unanunuliwa vipi kwa mita?

JIWE: Unanunuliwa ukiwa umeanguka. Sikiliza. Tarehe 31 Machi 1945, Jumamosi ya kuamkia Pasaka, ndege za Kimarekani zilipita hapa. Lengo lao lilikuwa kwingine, hali ya hewa ikawakatalia, mabomu yakashushwa huku. Watu zaidi ya 30 wakafa. Nyumba 306 zikateketea, minara tisa ikaungua, zaidi ya mita 600 za ukuta zikalala chini. Karibu asilimia 40 ya mji wa kale ilikuwa majivu, na upande ulioumia zaidi ndio huu wa mashariki unaouona. Wiki chache baadaye, Marekani ilipotaka kuumalizia mji kwa mizinga, John McCloy wa wizara yao ya vita aliingilia kati. Alikuwa amesikia sifa za Rothenburg kwa mama yake. Mji ukasalimishwa bila kupigwa tena.

SANDUKU: Pole sana. Lakini Babu, kama upande huu ulilala chini, wewe uliwekwa hapa lini?

JIWE: Miaka ya 1950.

SANDUKU: Nirudishie shikamoo yangu!

JIWE: Nina miaka kama sabini, kijana. Shikamoo inanistahili.

SANDUKU: Ya miaka sabini baki nayo. Ya miaka 700 irudishe. Mtu anaitikia marahaba ya marehemu!

JIWE: Sikukudanganya. Nilisema ukuta ulikuwepo.

SANDUKU: Hivyo ndivyo wanavyosema waliouza kiwanja kimoja mara mbili. Haya, mzee wangu, maana Babu nimeifuta, na zile nyumba nzuri za mtaa huu?

JIWE: Mitaa na viwanja vilifuata ramani ya zamani, mapaa yakarudishiwa mwinuko wake. Lakini hazikunakiliwa dirisha kwa dirisha, na nyingi za upande huu ni umri wangu. Ukitaka ukongwe wa kweli, nenda magharibi. Kanisa la Mtakatifu Yakobo lina altare ya mbao ya Tilman Riemenschneider, aliyoimaliza mwaka 1505. Katikati ya Karamu ya Mwisho kamweka Yuda, si Yesu.

SANDUKU: 1505? Ndani yangu kuna kitabu cha historia cha bosi. Mwaka huohuo Wareno wa Francisco de Almeida walishuka Kilwa wakaipora.

JIWE: Kilwa ni nini?

SANDUKU: Tulia, tutafika. Kwanza nieleze: hiyo sehemu kongwe iliponaje miaka yote hiyo? Miji mingine ya Ulaya ilibomoa ikajenga upya.

JIWE: Ufukara, mwanangu. Baada ya vita vya 1631 ikaja tauni ya 1634, biashara ikahamia njia nyingine. Waliokuwa na fedha kwingineko walibomoa kuta wakajenga viwanda. Sisi hatukuwa hata na fedha ya kubomoa. Mwaka 1802 Bavaria ikatumeza kimyakimya. Tukakaa hivyo mpaka baadaye katika karne hiyohiyo ya 19, wachoraji kama Carl Spitzweg walipokuja na brashi zao wakalia kwa furaha. Nyumba iliyokuwa aibu ya mwenyewe ikawa picha ukutani Munich.

SANDUKU: Kwa hiyo umaskini ukikaa sana unaitwa urithi?

JIWE: Ukikaa sana na ukipata mteja. Mwaka 1898 chama cha kuutunza mji kikaundwa, na tangu hapo hatujalala njaa. Kuna duka la Krismasi linalouza mapambo Julai, kwenye jua kali. Kuna kona ya Plönlein, nyumba nyembamba iliyoinama kwenye njia panda, ambayo watalii husubiriana zamu kuipiga picha. Na kuna Schneeball, tepe za unga zilizokunjwa duara, zikakaangwa na kumwagiwa sukari.

SANDUKU: Bosi kainunua. Kaitafuna dakika kumi nzima, bado anasema "tamu, tamu", kwa sababu kaangalia risiti.

JIWE: Hapo kwenye jumba la makumbusho ya sheria na adhabu kuna tundu la chuma. Mwokaji aliyepunja uzito wa mkate aliwekwa ndani akachovywa mtoni.

SANDUKU: Tundu bado linafanya kazi?

JIWE: Linafanya kazi ya kupigwa picha.

SANDUKU: Mzee wangu, hebu niulize jambo ambalo bosi hajauliza. Tulipopita kuna mtaa umeandikwa Judengasse, Mtaa wa Wayahudi. Mtaa nimeuona, nyumba nimeziona, zimetunzwa vizuri. Wenyewe wako wapi?

JIWE: Hilo halimo kwenye saa ya uwanjani.

SANDUKU: Ndiyo maana nakuuliza wewe.

JIWE: Karne ya 13 aliishi hapa Rabi Meir, mwanachuoni ambaye Wayahudi wa Ulaya walimpelekea maswali yao ya sheria. Alikufa kifungoni mwaka 1293, na maiti yake ikashikiliwa miaka 14 mpaka ikakombolewa kwa fedha. Mwaka 1298 Wayahudi wa mji huu wakauawa. Mwaka 1520 waliokuwepo wakafukuzwa. Wakaja kurudi karne ya 19. Kisha miaka ya 1930 watu wa Hitler wakautazama mji huu wakasema: hii ndiyo Ujerumani halisi. Wakaleta wafanyakazi kwa matembezi ya serikali, waje kujifunza Mjerumani safi anaishije. Oktoba 1938 Wayahudi wa mwisho wakatolewa, hata kabla ya ule usiku wa Novemba masinagogi yalipochomwa nchi nzima.

SANDUKU: Kumbe boriti zilitunzwa kuliko wapangaji.

JIWE: Boriti haziendi kanisani wala sinagogi. Ni rahisi kuzipenda.

SANDUKU: Na bosi kaandika "haujaguswa"!

JIWE: Kila kizazi kimeugusa, na kila kizazi kilichagua cha kurudisha na cha kuacha. Waliorudisha paa nawashukuru, maana bila wao nisingekuwa ukuta, ningekuwa kifusi. Lakini atakayekuja akaona kila kitu kimenyooka, aulize kimenyooshwa na nani. Haya, niambie sasa habari za hiyo Kilwa.

SANDUKU: Kilwa Kisiwani ni mji wa mawe ya matumbawe kusini mwa Tanzania. Wakati Rudolf anawapa nyinyi uhuru, Kilwa inapitisha dhahabu ya Sofala. Inapiga sarafu zake yenyewe. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu kuwa miongoni mwa miji mizuri sana. Msikiti Mkuu wake una kuba na nguzo mpaka leo, na Husuni Kubwa, jumba la sultani juu ya jabali, lina birika la kuogea la pembe nane linalotazamana na bahari.

JIWE: Basi foleni ya watalii huko haisemeki!

SANDUKU: Foleni? Ipo ya mbuzi. Nyinyi mna cheti cha UNESCO?

JIWE: Rothenburg haimo katika Urithi wa Dunia.

SANDUKU: Sisi tumo tangu 1981! Kuanzia 2004 mpaka 2014 tulikuwa hata kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Tuna cheti, hatuna wageni. Nyinyi mna wageni, hamna cheti.

JIWE: Na bosi wako, mwalimu wa historia, kaionaje?

SANDUKU: Hajafika.

JIWE: Hajafika?

SANDUKU: Kila mwaka anakwenda Lindi kwa wakwe zake. Basi likisimama Nangurukuru, penye njia ya kuchepukia Kilwa Masoko, ananunua korosho anarudi kulala. Mimi niko juu ya basi nakiona kibao.

JIWE: Kapanda ndege kuja kuona jiwe la miaka ya 1950, akaacha msikiti wa Zama za Kati kwa sababu ya usingizi?

SANDUKU: Msikiti ule haujawahi kuonekana kwenye kalenda ya Kijapani. Na usitulaumu peke yetu. Mji wetu haukufa kwa usingizi, uliporwa.

JIWE: Na wetu ulipigwa mabomu. Sishindani nawe kwa maumivu. Nakueleza tofauti tu: asubuhi ya pili yake hapa palikuwa na wenyeji waliotaka kulala tena ndani ya kuta hizi, na serikali yenye sheria ya ujenzi, na wageni waliokuwa tayari kulipa mita moja moja. Huko kwenu mji ambao haukuguswa kweli kwa muda mrefu ndio huo, na matokeo yake mnayaita magofu.

SANDUKU: Umenichoma, mzee wangu. Nakurudishia nusu ya shikamoo.

JIWE: Nusu inatosha. Bosi wako anashuka. Mwambie afute lile neno "haujaguswa".

SANDUKU: Sanduku litamwambia nini mwalimu? Nawaambia wasomaji. Mkifika Rothenburg, someni vibao vya ukutani kabla ya menyu, na kwenye Judengasse ulizeni waliko wenye nyumba. Na mkienda Lindi, basi likisimama Nangurukuru shukeni, mkapande boti ya Kilwa Masoko. Mji wa Zama za Kati upo ng'ambo ya maji hayo, na hauhitaji viza.