Shangazi Anajibu: Rupia ya Babu

Shikamoo Shangazi. Katika kasha la marehemu babu tumekuta sarafu ya shaba ya Mjerumani, heller 20 ya mwaka 1916. Kuna bwana anasema ana tajiri wake Dubai atakayeinunua kwa shilingi milioni 300, ila kwanza tutume laki nane za vipimo. Shemeji ameshaanza kutafuta mteja wa ng'ombe. Tumsikilize? – Mrithi, Tabora.

Marahaba, mwanangu. Ng'ombe abaki zizini kwanza. Sarafu yenu huenda ni halisi kabisa, na ndiyo maana mnaelekea kuliwa: tapeli wa aina hii hahangaiki kughushi sarafu, anaghushi bei. Mwaka 1916 manowari za Waingereza zilikuwa zimewafungia Wajerumani bahari, fedha zikawaadimikia, wakaamua kujifyatulia wenyewe hapo hapo kwenu Tabora, katika karakana ya reli. Heller 20 za shaba zilitoka zaidi ya milioni moja. Iliyochakaa leo haikupi zaidi ya bei ya kuku wachache. Kinachogombaniwa na wakusanyaji ni kipande cha dhahabu cha rupia 15, chenye tembo, kilichotolewa mwaka huo huo kwa idadi ya kama 16,000 tu; nacho huuzwa kwa maelfu ya dola, lakini kwa kawaida hakifiki hata robo ya hizo milioni 300. Sasa tajiri gani huyo wa kulipia shaba kuliko dhahabu?

Shemeji atasema zipo sarafu zinazouzwa kwa mabilioni. Zipo. Juni 2021, Sotheby's ya New York iliuza sarafu ya dhahabu ya Marekani ya dola 20, ya mwaka 1933, kwa takriban dola milioni 18.9. Lakini wenzake waliamriwa kuyeyushwa, na hiyo ndiyo pekee ambayo mtu binafsi anaruhusiwa kisheria kuimiliki. Tena bei yake ilipatikana mnadani, watu wakishindana hadharani. Uzee peke yake hauna soko: sarafu za shaba za Warumi zenye miaka zaidi ya 1,600 zimejaa tele, na nyingi ni rahisi kuliko viatu vya huyo bwana.

Atasema pia kwamba vipimo vina gharama. Kweli, makampuni kama NGC na PCGS ya Marekani hukagua sarafu kwa malipo. Ila hapo mwenye sarafu ndiye anayechagua mkaguzi, na ada inajulikana mapema. Basi mwambieni bwana wenu akate laki nane katika milioni 300, awape 299 na laki mbili. Mnunuzi wa kweli hapotezi hata senti. Akianza kuleta hadithi za forodha na masharti ya tajiri, mmeshajua biashara yake ni laki nane. Na sarafu msiisugue kwa majivu wala ndimu. Iliyong'arishwa hushuka thamani.

Shangazi, nimeuziwa sarafu adimu, na muuzaji ameahidi kuinunua tena mwakani kwa bei maradufu. Nilale usingizi? – Mwekezaji, Nairobi.

Mpelekee leo, umwombe aichukue kwa nusu ya ulichomlipa.