Kibanda cha Baga cha Barabara ya Zamani

Kibanda cha baga cha mtindo wa zamani nchini Marekani ni chumba chembamba chenye bamba la chuma la kukaangia, kaunta moja, viti virefu visivyo na pa kuegemea, na mpishi asiye na muda wa salamu. Vingine havina hata viti. Vina dirisha la kuagizia na uwanja wa kuegesha magari, basi. Vilivyosalia viko zaidi kwenye miji midogo iliyopitiwa na barabara kuu za zamani, mfano Route 66, iliyoanzishwa mwaka 1926 kutoka Chicago hadi Los Angeles, karibu kilomita 3,900, kisha ikafutwa rasmi mwaka 1985 baada ya barabara pana za mwendo kasi kuinyang'anya magari yake. Kwa hiyo safari ya kwenda kula baga huanza kwa ugomvi. Ramani ya simu inataka wasafiri wawahi waendako. Wao wanataka kuchepuka. Kila wanapokata kona, sauti ya ramani huwaamuru wageuze gari, kwa upole wa mama mkwe aliyekwisha kuamua kutonyamaza.

Ugomvi wa pili ni wa historia, maana miji iliyobuni baga ni mingi kuliko baga yenyewe inavyohitaji. Seymour, Wisconsin, humtaja Charlie Nagreen, anayesemekana kuuza nyama ya kusaga ndani ya mkate kwenye maonyesho ya kilimo mwaka 1885. Hamburg, New York, nayo inautaka mwaka huohuo wa 1885 kwa niaba ya ndugu wawili wa ukoo wa Menches. Athens, Texas, ina mtu wake, Fletcher Davis. New Haven, Connecticut, ina Louis' Lunch, mgahawa ulioanza 1895 na unaodai kuuza baga ya kwanza mwaka 1900. Msafiri mwenye busara huikubali hadithi ya mji aliomo, angalau mpaka chakula kifike.

Hapo Louis' Lunch nyama bado huchomwa kwenye majiko ya chuma yaliyosimama wima, na hutiwa kati ya slesi za mkate uliobanikwa. Jibini, nyanya na kitunguu ni ruhusa. Tomato sosi, haradali na mayonezi ni marufuku. Mgeni aliyezoea kuambiwa kwamba mteja ni mfalme hugundua kuwa ufalme wake umeishia mlangoni.

Umbo la vibanda vingi lilitokana na woga. Mwaka 1906 riwaya ya Upton Sinclair, The Jungle, ilianika uchafu wa viwanda vya nyama vya Chicago, na kwa miaka mingi nyama ya kusaga ilitazamwa kwa shaka. Kampuni ya White Castle, iliyoanzishwa Wichita, Kansas, mwaka 1921, ilijibu kwa kuta nyeupe, vyuma vinavyong'aa, na jiko lililo mbele ya macho ya mlaji, baga moja kwa senti 5. Wengine wakaiga. Kupika hadharani kulikusudiwa kumtuliza mteja, lakini mteja mwenye njaa huona baga ikiiva, ikipambwa, ikifungwa kwenye karatasi, kisha ikikabidhiwa mtu mwingine.

Mapishi yenyewe huonekana vizuri zaidi El Reno, Oklahoma, mwendo wa nusu saa hivi magharibi ya Oklahoma City. Ulikuwa mji wa reli, na fedha zilipoadimika katika miaka ya 1920 na 1930, nyama ilikuwa ghali na vitunguu bei rahisi. Wauzaji wakapiga hesabu: tonge la nyama, juu yake rundo la vitunguu vilivyokatwa vyembamba sana, kisha vyote vikandamizwe kwa mwiko wa chuma mpaka vishikane. Nyama ikigeuzwa, vitunguu vinakuwa chini, vinakaangika kwa mafuta yake, vinaungua kidogo pembeni na kuwa vitamu. Skonzi hulazwa juu ilainishwe na mvuke. Kibanda cha Robert's Grill kipo mjini hapo tangu 1926. Ujanja wa kuficha uhaba wa nyama umezaa baga tamu kuliko nyingi zilizojaa nyama, na mji huifanyia sikukuu kila Mei, ambapo hukaangwa baga moja ya zaidi ya kilo 300. Kuomba baga bila kitunguu El Reno si kosa la jinai, ila mteja atatazamwa.

Kuagiza ndiko kunakowashinda wengi. Foleni inasukuma, mhudumu ameshika kalamu, na mgeni ndiyo kwanza anasoma bango. Akisema "weka kila kitu," huko Oklahoma na Texas mara nyingi ataletewa haradali, kitunguu na matango ya siki. Tomato sosi aiulizie mwenyewe. Vibanda vingine hupokea fedha taslimu tu, jambo linalojulikana baga ikishafungwa. Hapo mwenye kadi humwacha mwenzake kaunta kama rehani na kwenda kutafuta mashine ya benki.

Mahali pa kulia ndani ya gari, sinia huning'inizwa kwenye kioo cha dirisha kilichoshushwa nusu. Mpango huo hufanya kazi mpaka mtoto wa kiti cha nyuma aguse kitufe cha kioo. Milkisheki ni nzito kiasi kwamba mrija hujibana wenyewe, na mnywaji hubaki mashavu ndani, macho nje. Wapo pia wanaong'oa gari na sinia la watu.

Harufu ya vitunguu haishuki garini pamoja na walaji. Kufungua madirisha husaidia kidogo tu: upepo wa Oklahoma huchukua leso za karatasi, risiti na kofia ya dereva, ukaiacha harufu palepale. Kwenye kituo cha mafuta cha mji unaofuata, muuzaji hasubiri kusimuliwa. Anauliza tu walikula kwenye kibanda kipi, kisha anawaambia kwamba walipaswa kula kile kingine.