Kwanza Weka Chini Huo Ufagio

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye ua wa pwani: mwembe mmoja, minazi michache, mpapai ulioegemea ukuta, na ufagio unaosubiri mlangoni kama askari wa zamu. Kazi ya ufagio ni kufagia. Ukishauinua juu ya mti kumtafuta kinyonga, umeanza vibaya.

Kinyonga mpe kibali cha kuishi bila masharti. Hana sumu, hana haja nawe, na kutwa anadaka panzi na nzi kwa ulimi. Ukiogopa kumgusa, usimguse. Yeye hatalalamika.

Bundi akilia juu ya paa, usimwite mganga, chungulia stoo. Huyo hakuleta habari za msiba, amefuata panya wako. Humeza panya mzima, kisha akatema kitonge cha manyoya na mifupa. Asubuhi kiokote, kipasue kwa kijiti mbele ya watoto, waone mafuvu ya waliokuwa wakila mchele wenu. Sharti ni moja: sumu ya panya iondoke nyumbani, kwa maana panya aliyelishwa sumu humuua na bundi aliyemla.

Kwa maji moto utahitaji moyo, nakubali. Chungu hawa wekundu wa juu ya miti, wanaoshona majani kwa hariri ya mabuu wao, wanauma kwelikweli. Lakini ndio wanaomwinda mdudu anayefyonza vidaka vya nazi hadi vikapukutika, na katika mikorosho pia wanafanya ulinzi huo huo. Usiwachome moto. Wafungie kamba kutoka mti hadi mti wapate njia ya kupita juu, na siku ya kuangua maembe jipake majivu mikononi. Mlinzi asiyedai mshahara ana haki ya kuwa mkali.

Sasa tufike Unguja, kwenye mashamba yanayopakana na msitu wa Jozani, ambako kima punju hushuka kula vidaka mbele ya macho ya mwenye mnazi. Naielewa hasira yake. Nazi ni ada ya shule. Ila kabla ya kuokota jiwe, asikie hili. Watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walihesabu vidaka vilivyoliwa na nazi zilizovunwa, wakachapisha matokeo yao mwaka 1999: pale kima walipokula zaidi, mavuno hayakupungua, bali yalielekea kuwa makubwa zaidi. Mnazi huzaa vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvikomaza, na vingi vingedondoka hata bila kima. Basi mwache apunguze. Na makaa yakipotea jikoni, usimshuku jirani: kima punju hula makaa, ambayo hunasa kemikali za majani ya miembe na mikungu zisimdhuru tumboni.

Tumbili wa bara ni kesi nyingine. Funga dirisha la jikoni, usimpe ndizi hata akikutazama kwa huruma, na wageni wako wasimpe pia. Tumbili aliyezoea kupewa hujifunza kunyang'anya, na mwisho wake ni kupigwa.

Aliyebaki ni kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu, ambaye Mombasa wanamwita kurabu. Huyu aliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890 ili ale taka. Alizila, akazaliana, akaenea pwani nzima, na sasa anapora mayai na makinda ya ndege wadogo. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru 1,000,000. Naunga mkono kuwapunguza. Lakini inaniuma kupita kwenye ua ambao kinyonga amepondwa mawe, maji moto wamechomwa, bundi amefukuzwa, na pipa la taka liko wazi, limesheheni makombo ya kumlea yule mmoja aliyestahili kudhibitiwa.

Kwa hiyo nunua mfuniko, uweke na tofali juu yake, kwa sababu kunguru ana akili. Kiota chake kikianza kujengwa kwenye mwembe wako, kitoe kabla mayai hayajatagwa. Bakuli la chakula cha paka liingie ndani paka akishashiba. Na matumbo ya samaki wa leo usiyatupe nyuma ya ukuta. Yafukie chini ya mpapai, shimo la kina cha mkono mzima, kabla ya magharibi.